Safu ya Tatu

Jumamosi, saa tisa na robo, getini Pugu,
Lusajo ameshika daftari alilolipiga mistari mwenyewe:
Jina. Idadi. Anafanya nini.
Na kwa haraka ya kutangulia ameshajaza
simba, tembo, twiga, chui wawili.

Bwana Kondo, askari wa msitu, akalipokea kwa mikono miwili,
akasoma polepole, akachekea puani.
"Twiga hapa angeipitishia wapi shingo?
Msitu hauonyeshi, mwanangu, si kama mbuga.
Wafute. Au waache, wajue kwamba waliitwa."

Tukaingia.
Jua likakatika, si kama linavyozama,
bali kama umeme unavyokatika kwetu Tabata: bila hodi.
Unyevu ukatuvaa. Chini majani juu ya majani,
na harufu ya kitu kinachooza
bila haraka wala aibu.
Honi ya lori la Kisarawe tuliisikia nzima,
kisha nusu,
kisha tukawa tunaibuni.

Tulichokiona nitakisema kilivyo.
Jongoo, mwekundu wa miguu.
Buibui aliyeifunga njia kwa uzi mmoja; tukainama, watu wazima.
Hondohondo tulimsikia mbawa tu,
kama mtu anayekung'uta kanga mbichi ghorofani.
Kinyesi cha paa, punje nyeusi zinazong'aa bado;
Lusajo akachuchumaa, akahesabu, akaandika:
Paa, kumi na saba.

Sange alipita.
Yaani, Bwana Kondo alisema amepita,
pua mbele, mbio, kama karani aliyechelewa bandarini.
Mimi niliona jani likitikisika,
na tangu hapo najiuliza ni mara ngapi nimeapa
kwa ushahidi mdogo kuliko ule.

Halafu uwazi.
Duara jeusi, pana kama ua wa msiba,
magugu yameota pembeni, katikati yamegoma.
Bwana Kondo hakulikanyaga.
"Tanuri. Hili nililijenga mimi,
mwaka mke wangu alipojifungua kwa kisu
na hospitali ikataka hela kabla ya jina la mtoto.
Mikongo minne. Siku tisa za moshi. Magunia ishirini na mbili."
Nikamuuliza yalikwenda wapi.
Akanitazama kama niliyeuliza maji ya mtaro huenda wapi.
"Kwenu."

Giza halikushuka; lilipanda, kutoka mizizini,
likatufika magotini, kiunoni,
ndipo kikatoka kilio, kirefu, cha mtoto
aliyeamka akakuta kitanda kitupu.
Lusajo akanikamata mkono.
"Komba," Bwana Kondo akanong'ona.
"Ndiye mnayemsingizia kila mnapolewa."
Akawasha tochi, akaipandisha kwenye mtambaazi:
macho mawili,
mekundu kama makaa yanayopulizwa.
Yakatutazama kwa muda wa kutosha kutukariri.
Yakazimika.

Tulirudi nyumbani saa tatu, tope hadi kwenye soksi.
Gesi iliisha tangu Alhamisi.
Nikaburuta gunia kutoka nyuma ya mlango,
nikapanga jikoni kipande juu ya kipande,
kwa mkono ule ule wa kila siku, ambao leo
ulikuwa unanitazama.
Lusajo akachukua kimoja, akakisogeza kwenye taa:
duara ndani ya duara ndani ya duara.
"Mama, huyu alikuwa mti gani?"

Nilitaka kumsahihisha. Si huyu, ni huu;
mti hauna u-yu, mwalimu wako atakukata alama.
Neno likafika kwenye meno, likarudi.

Akafungua daftari mezani.
Komba, mmoja, anatutazama.
Akaruka mstari.
Mti, mmoja.
Kwenye safu ya tatu akaweka ncha ya kalamu,
akainua uso, akasubiri nimsomee,
na mimi nimeshika kiberiti,
na mchele umesharowekwa.